Codenames Inanoga kwa Kiswahili

"Nazi, tatu," shangazi akasema, kisha akainamisha uso na kuanza kuchezea pindo la kanga yake, macho yasije yakamsaliti. Mezani kulikuwa na kadi 25. Sisi wanne wa kundi lake tukaanza kusaka. Mnazi haupo. Dafu halipo. Wali haupo, mchuzi haupo. Yaliyokuwepo ni MBUZI, MOSHI, TEMBO, KIBOKO, KATA, PASI, MWIKO, TAI na mengine ambayo tuliamini hayana undugu wowote na nazi.

Nitarudi kwa shangazi. Kwanza niwaeleze mchezo wenyewe, maana nimeupenda kweli na ningetaka kila nyumba yenye watu wengi jioni iujue.

Unaitwa Codenames. Aliubuni Vlaada Chvátil wa Jamhuri ya Czech, na kampuni ya Czech Games Edition ikautoa mwaka 2015. Mwaka uliofuata ukatwaa Spiel des Jahres, tuzo ya Ujerumani ambayo wapenzi wa michezo ya mezani huisubiri kila mwaka. Chvátil alishajulikana kwa michezo mizito, kama Through the Ages ya mwaka 2006, ambao ukiuanza baada ya magharibi unaweza kukuta usiku wa manane bado mnahesabu. Huu mwingine unaelezeka kwa dakika tatu.

Maneno 25 hupangwa mezani, matano kwa matano. Watu wanagawanyika makundi mawili, wekundu na wabluu, na kila kundi lina mkuu wake. Wakuu hao wawili hukaa upande mmoja na kutazama kadi ndogo ya siri inayowaonyesha neno lipi ni la nani: kundi linaloanza lina maneno 9, la pili lina 8, maneno 7 ni ya wapita njia wasiohusika, na neno 1 ni muuaji. Mkuu anaruhusiwa kutamka neno moja na namba moja, basi. Namba inasema kidokezo kinagusa kadi ngapi. Wenzake hujadiliana kwa sauti, kisha hugusa kadi. Wakigusa ya kwao wanaendelea, na wana ruhusa ya kubahatisha moja zaidi ya namba waliyopewa. Wakigusa ya mpita njia au ya wapinzani, zamu imekatika. Wakimgusa muuaji wameshindwa hapo hapo, hata kama walikuwa wamebakiza kadi moja tu. Mzunguko mzima huchukua kama robo saa, halafu mtu anasema "tena", na kadi zinachanganywa.

Kilichonivuta zaidi ni jinsi unavyofanana na baraza zetu. Tazama bao au drafti: wawili wanacheza, kumi wamesimama. Hao kumi hawanyamazi. "Usisogeze hiyo!" "Mwache ale, utamla mawili!" Wachezaji wanakereka, wakati mwingine hata ugomvi unazuka kwa sababu ya mtazamaji aliyeropoka. Katika Codenames wale washauri ndio wachezaji. Kubishana ndiyo kazi yenyewe, na mkuu aliyetoa kidokezo ndiye anayelazimika kufunga mdomo akisikiliza watu wake wakienda njia sahihi, wakiiacha, wakirudi, wakiiacha tena. Mateso yale yanapendeza kuyatazama. Watu wanane wanaenea bila shida, na hata kumi sijaona tatizo.

Lakini boksi lililotufikia sisi, alilolileta binamu kutoka safari, lilikuwa la Kiingereza. Siku ya kwanza tulikutana na LEPRECHAUN, tukakutana na LOCH NESS. Nusu ya meza hawakujua ni watu au ni vyakula. Wale waliojua wakawa wanawatafsiria wengine, na kila tafsiri ilikuwa inavujisha siri. Shangazi alikaa kimya mizunguko miwili, kisha akainuka akasema anakwenda kuchemsha chai. Aliporudi hakukaa tena mezani, akakaa kwenye kochi na simu yake. Mwanamke huyo anajua vitendawili vingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Iliniuma.

Siwalaumu waliotengeneza. Waliandika kwa ajili ya watu wao, na kwa Kiingereza chao mchezo umekaa vizuri. Ila usiku ule nilielewa kwamba mchezo huu unaishi kwa neno lenye nyuso mbili. Neno lenye maana moja tu ni jiwe. Neno lenye maana tatu ni mlango, maana mkuu anaweza kuingia upande huu akatokea upande ule. Na kwa maneno ya aina hiyo, lugha yetu ni tajiri kupindukia.

Hesabu mwenyewe. Kaa yupo baharini, lipo jikoni likiwaka, na pia ni kukaa. Paa yuko porini, liko juu ya nyumba, na ndege akiruka anapaa. Taa inaning'inia darini na nyingine inaogelea. Kamba inafunga mbuzi, kamba anakaangwa kwa kitunguu saumu, na vijana wa mjini wana kamba yao ya uongo. Kima yuko mtini, na kima iko ndani ya sambusa. Mto unaulalia kichwa au unauvuka kwa mtumbwi. Mwiko unasonga ugali, na mwiko unakukataza kula kitu fulani kwenye ukoo wenu. Tai anaruka, tai inafungwa shingoni siku ya harusi. Papa ana meno, na Papa yuko Roma. Kombe linanyanyuliwa na nahodha wa timu, na ukienda kwa wazee wa pwani kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, linanywewa. Jiko ni la mkaa, na kijana aliyeoa amepata jiko. Pasi inanyoosha shati, inapigwa uwanjani, inagongwa muhuri mpakani. Hata ramani imeingia: Moshi ni mji, na moshi unakutoa machozi, Tanga ni jiji, na tanga linashika upepo.

Basi tukatengeneza kadi zetu. Karatasi za manila, rula, mkasi, makapeni nyeusi. Jioni mbili zilitutosha kwa kadi 200. Kadi za siri tulizichukua kwenye boksi la binamu, lakini asiye na boksi anaweza kuzichora: mraba wa vyumba 25, paka 9 rangi moja, 8 rangi ya pili, 7 acha wazi, 1 weka nyeusi, zungusha mpangilio kila kadi. Maneno tuliyoyachagua si yote yenye maana mbili. Tulitia na ya kawaida kabisa kama SABUNI na KISU, kwa sababu meza yenye vinyonga vitupu inachosha, na neno la kawaida ndilo linalotega vizuri usipolitarajia.

Sasa nazi ya shangazi.

Mpwa wangu ndiye aliyeanza kuona. "MBUZI," akasema. "Mbuzi ya kukunia." Kweli bwana, ile ya kukalia, yenye meno ya chuma mbele, ambayo Ramadhani nzima haipumziki nyumbani kwetu. Tukagusa. Nyekundu, ya kwetu.

Ya pili ikatugawa. Mimi niliona KATA. Binamu akakataa: kata ina diwani, kata ina mtendaji, nazi inaingiaje? Yeye amekulia mjini na kata anayoijua ni ya serikali. Mimi nilikumbuka kwa bibi, kwenye kona ya baridi nyuma ya mlango, mtungi wa udongo umefunikwa kawa, na juu yake kata, kifuu cha nazi kilichotiwa mpini mrefu. Maji yake yalikuwa na harufu ya udongo na moshi wa ubani. Ukimaliza kunywa unaining'iniza, huiachi chini. Niliwaeleza hivyo, wakaniamini. Tukagusa. Ya kwetu.

Tatu. Hapo tukakwama. Jirani yetu, kijana wa Iringa, alitaka MWIKO, kwa kuwa tui linakorogwa kwa mwiko. Hoja haikuwa mbaya. Shangazi alikuwa bado kwenye pindo lake, sasa analikunja mara nne nne. Mimi macho yalikuwa kwenye TEMBO, lakini kijana wa Iringa alinitazama kama nimechanganyikiwa. Kwao pombe ya kienyeji ni ulanzi, ya mianzi. Tembo kwake ni yule mwenye mkonga tu. Aliyetuokoa ni mpwa, mtoto wa darasa la sita ambaye hajawahi kuiona pombe hiyo, akasema polepole kama anasoma ubaoni: "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Methali aliyofundishwa shuleni! Tembo la mnazi. Tukagusa wote kwa pamoja, vidole vinne juu ya kadi moja.

Shangazi aliachia pindo, akapiga kofi, akacheka mpaka akajifuta machozi. Baadaye, wakuu walipotuonyesha kadi ya siri, ndipo tulipojua kwa nini hakusema "wanyama", neno ambalo lingemfikisha MBUZI na TEMBO kwa urahisi. Muuaji alikuwa KIBOKO. Aliliona shimo, akazunguka kwa njia ya shambani. Toka siku ile yeye ndiye mkuu anayegombaniwa na makundi yote mawili.

Kuna jambo ambalo kitabu cha sheria hakingeweza kulijua, na kila atakayecheza kwa Kiswahili atakutana nalo mapema. Sheria inasema kidokezo kiwe neno moja. Kwa Kiswahili, neno moja ni kitu gani? Jioni moja binamu alitoa kidokezo "Kilichonikata, mbili", akitaka KISU na KIOO. Zogo likaanza. Neno moja, ndiyo, hakuna mtu aliyeona nafasi katikati. Lakini ndani yake mna kitu, mna wakati uliopita, mna mimi niliyekatwa, mna kitendo chenyewe. Hiyo ni sentensi nzima imevaa koti moja. Tukakubaliana kwamba kitenzi kitolewe kwa "ku" tu: kukata, kupika, kuvua.

Ngeli nazo zinavujisha. Ukisema "kikali", umeshatuambia tutafute ki-vi kabla hatujafikiria maana. Ukisema "mkali", tunakimbilia watu, wanyama na miti. Mwanzoni tulidhani ni ujanja halali, lakini mchezo ukawa mtihani wa sarufi na watu wakaacha kuwaza. Tukapiga marufuku vivumishi vinavyobeba ngeli. Tukaongeza pia kwamba neno la mzizi mmoja na kadi iliyoko mezani haliruhusiwi: PIKA ikiwa bado imelala pale, hakuna mpishi, hakuna upishi, hakuna mapishi. Sheria ya awali inakataza umbo lolote la neno lililo mezani, na kwetu maumbo ni mengi mno, kwa hiyo lazima muwe wakali.

Kasoro zipo, na nisingependa mtu anunue au atengeneze kadi halafu aone nimemficha. Mkuu anayefikiri sana anaua jioni. Kwenye boksi kuna saa ndogo ya mchanga ya kumharakisha, itumieni, msione haya. Pili, mtu mwenye sauti kubwa anaweza kulimeza kundi zima akawa anagusa kadi peke yake. Sisi sasa tunamwanza mdogo kuliko wote: mpwa anasema lake kwanza, ndipo wakubwa waongee. Tatu, chini ya watu wanne ladha inapungua sana. Kwa wawili kuna Codenames: Duet ya mwaka 2017, ambamo mnashirikiana badala ya kushindana, nayo ni nzuri kwa namna yake. Kwa watoto wasiojua kusoma kuna ile ya picha, Codenames: Pictures, ya mwaka 2016. Mimi nabaki na maneno.

Kadi zetu za manila zimeanza kulegea pembeni, na KAA ina doa la chai kiasi kwamba hata ikigeuzwa inajulikana. Zinahitaji kuandikwa upya. Mwezi uliopita shemeji kutoka Mombasa alikuja kutembea, akawa mkuu wa wabluu, akatoa kidokezo "Mjukuu, moja". Watu wake walizunguka meza mara tatu. Wakagusa JIKO, kwa hoja kwamba aliyepata jiko ndiye atakayepata wajukuu. Ilikuwa ya kwetu. Shemeji akashika kichwa: jibu lilikuwa NYANYA. Kwake nyanya ndiye aliyemlea, mama wa mama yake. Kwa meza nzima ya Dar es Salaam ilikuwa tunda jekundu la kachumbari, na bibi ni bibi. Waliongea kuhusu hilo mpaka chakula kikapoa, na shangazi akataka kujua huko Mombasa kama bado wanaiita kanga leso.

Tumempa shemeji kadi 30 tupu aondoke nazo. Amenitumia picha ya tatu za mwanzo: LESO, MATATU, MAHAMRI. Ya nne ameifunika kwa kidole, anasema nitaiona siku tutakayokaa mezani.