Rangi ya Fedha Maabarani: ya Kila Siku au ya Akiba?

Mtaalamu wa patholojia anapotafuta bakteria ndani ya tishu, huamua kama aombe rangi ya fedha, yaani kuwapaka bakteria kwa madini ya fedha, au atosheke na Giemsa, rangi nyingine iliyo rahisi zaidi. Wanaoitetea fedha wana hoja nzito. Fedha huganda juu ya bakteria ikawanenepesha, hivyo hata kimelea chembamba cha kaswende, ambacho rangi ya Gram, ile ya kawaida ya kutambua bakteria, haikionyeshi, huonekana cheusi juu ya usuli wa manjano. Ni mbinu hiyo, iliyobuniwa na Warthin na Starry mwaka 1920, ambayo mtaalamu wa patholojia Robin Warren wa Perth, Australia, aliitumia kuwaona waziwazi bakteria wa tumboni, Helicobacter pylori.

Lakini fedha haichagui. Hushika melanini (rangi asilia ya ngozi) na nyuzi za retikulini (nyuzi laini zinazoshikilia tishu) pia, na hukasirishwa na vitu vidogo: koleo la chuma likigusa myeyusho, slaidi hujaa madoa meusi. Kwa Dar es Salaam, adui mkubwa ni maji. Visima vingi vya jiji hili vina chumvi. Tone la maji hayo likiangukia nitrati ya fedha, wingu jeupe hutanda papo hapo, kwa kuwa kloridi imeinyakua fedha. Bila maji yaliyokenekwa na vyombo vilivyosafishwa kwa asidi, hakuna rangi ya fedha, na umeme ukikatika huku chombo cha maji moto kinachopashia myeyusho kikipoa, kazi huanza upya. (Mwenye Giemsa wakati huo amekwisha kusoma slaidi zake.)

Kwa sampuli za tumbo, nionavyo mimi, Giemsa inatosha, kwani ni nafuu, na umbo lililopinda la bakteria hao ndani ya ute juu ya seli huwatambulisha. Fedha ibaki kwa kaswende, kwa homa ya mkwaruzo wa paka, na pale usaha unapoonekana lakini Gram haitoi kitu. Kingamwili maalumu, yaani protini zinazonasa bakteria wa aina fulani, hubainisha zaidi, ila bei yake na uhifadhi wake wa baridi si wa kila maabara.

Tatizo la kuifanya fedha kuwa akiba ni kwamba mkono husahau. Fundi hukisia kwa jicho lini akomeshe haidrokwinoni, kemikali inayoifanya fedha iwe nyeusi. Akichelewa kidogo, kila kitu huwa cheusi. Kwa hiyo ifanyiwe zoezi mara kwa mara, hata asipokuwapo mgonjwa, kwa tishu ya kontroli inayojulikana kuwa na bakteria, na siku kontroli isipowaonyesha, jibu la mgonjwa lisitoke.