Bloku ya 62 au stroki ndefu: ubishi wa mlima wa Kibosho

Ubavuni mwa injini nyingi za Kichina zinazopanda Kibosho na Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kila siku kuna maandishi yaliyogongwa kwenye chuma: 156FMI, au 162FMJ. Moja ya mwanzo ni idadi ya silinda. Tarakimu mbili zinazofuata ni upana wa silinda kwa milimita. F inasema injini inapozwa na upepo, M ni pikipiki, kisha I ni ya cc 125, yaani ujazo wa silinda, na J ni ya 150.

Hiyo 56 na hiyo 62 ndizo zilizoleta ubishi kwa fundi mmoja pale Kiboroloni. Kijana wa bodaboda, mbeba mikungu ya ndizi, alitaka kujua kama aivike 125 yake bloku ya 62, yaani kile chuma chenye tundu la silinda, au aiuze kabisa atafute yenye stroki ndefu.

"Mdogo wangu, mlima haupandwi na upana," mwenzake akamwambia. "Mlima unataka stroki."

Hoja hiyo si ya kijinga. Stroki ni safari ya pistoni kutoka juu hadi chini, na nusu yake ndiyo urefu wa mkono unaozungusha krenki, mhimili mkuu wa injini. Nati ikigoma, si unatafuta spana ndefu?

Tatizo ni kwamba kwenye spana mkono wako haupungui nguvu ukibadilisha spana. Ya pistoni inapungua, kwa sababu ukirefusha stroki kwa cc zile zile, silinda inabidi iwe nyembamba. Chukua injini mbili za cc 149: moja upana 62 kwa stroki 49.5, nyingine 56 kwa 60.6. Ya kwanza ina uso wa pistoni sentimita za mraba 30.2 na mkono wa milimita 24.75. Ya pili ina uso wa 24.6 na mkono wa 30.3. Zidisha: 747 dhidi ya 745. Ulichopata kwenye urefu umekilipa kwenye upana. Toki, yaani ile nguvu ya kusokota, inafuata cc na jinsi silinda inavyojaa hewa.

Stroki inachoamua hasa ni ukomo wa mizunguko. Injini ya 163FML, hii ya cc 197, ina stroki ya milimita 62.2. Ikizunguka mara 7,500 kwa dakika, pistoni yake inakwenda wastani wa mita 15.6 kwa sekunde. Ya stroki ya 49.5 inakwenda mita 12.4 tu. Na hospawa inafuata toki mara mizunguko: nyutoni-mita 10 kwenye mizunguko 5,000 ni hospawa 7, lakini hizo hizo 10 kwenye 8,000 ni hospawa 11. Ndiyo maana Ducati 1299 Panigale ilipewa silinda ya milimita 116 na stroki ya 60.8, wakati Royal Enfield Bullet 350 ya zamani ilikuwa 70 kwa 90. Upana unatoa nafasi ya valvu kubwa, na ufupi unaruhusu injini kupiga kelele bila konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki, kuomba msamaha.

Sasa mbona stroki ndefu zina sifa ya mlima? Kwa sababu mtengenezaji anayezichagua huchagua pia valvu ndogo, kabureta ndogo na kamu (ile inayofungua valvu) ya upole, na vyote hivyo vinajaza silinda vizuri kwenye mwendo wa chini. Chemba ya kuunguzia mafuta haijatandazwa, moto hausafiri mbali, mafuta yanaungua vizuri. Hilo nawapa watu wa stroki ndefu bila ubishi.

Ila bloku ya 62 ina kituko chake. 125 na 150 za aina hii zote zina stroki ya 49.5. Ukipachika bloku pana ukaacha kichwa na kabureta ya 125, umeongeza cc 25 zinazopumulia pua ile ile. Kwenye mizunguko ya juu inakosa pumzi, kwenye ya chini inavuta. Yaani upana, unaosemwa ni wa mbio, unampa mbeba ndizi nguvu ya chini! Mgandamizo nao unapanda, na joto pia. Petroli ikiwa mbovu, injini itagonga.

Mimi ningeanza na sproketi. Ya mbele ikitoka meno 15 kuja 14, tairi linapata toki zaidi kwa asilimia 7, na injini haifunguliwi. Halafu aitazame plagi: kadiri unavyopanda, kwa kila mita 1,000 hewa inapungua karibu asilimia 10, na kabureta isiyorekebishwa inaendelea kumwaga mafuta yale yale. Plagi ya kijana ilikuwa nyeusi kama chungu, dalili ya mafuta kuzidi.

Sproketi ikabadilishwa, bloku ikabaki kwenye gunia. Kijana sasa anapanda na mikungu yake bila kushuka kusukuma, lakini akipata abiria wa Himo ananung'unika njia nzima ya lami kwamba pikipiki inalia na haikimbii.