Nyama ya Friji Ina Kosa Gani?

Pita kwenye bucha za uswahilini hapa Dar es Salaam uone: friji ipo, lakini imejaa maji na soda. Nyama yenyewe inaning'inia dirishani tangu alfajiri. Muuzaji si mjinga. Anajua akiificha kwenye baridi, wateja watapita wakinong'ona, "Hiyo ya jana hiyo."

Kwa maoni yangu, wanunuzi ndio tunaomzuia asiiweke kwenye friji. Mnofu wa ng'ombe mzima wa afya, kwa ndani, karibu hauna bakteria. Bakteria kama salmonela na E. koli huishi utumboni, hutapakaa na kwenye ngozi, kisha hugusishwa nyama wakati wa kuchinja na kuchuna. Wakipata joto, baadhi yao huongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri vyakula vinavyoharibika upesi vihifadhiwe chini ya nyuzi 5. Mchana wa Januari hapa kwetu unapita nyuzi 30, na paja bado linaning'inia.

Halafu kuna gogo. Litazame kwa karibu: mipasuko imeshiba damu na vipande vya mfupa. Utumbo umekatiwa hapo, sasa zamu ya steki yako, kisu kilekile, na mkono uliotoka kupokea noti. Muhuri wa mkaguzi hausaidii hapo. Yeye alitafuta minyoo na uvimbe kule machinjioni. Bakteria haonekani kwa macho.

Nyama ya kusaga ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu mashine huchukua uchafu wa juu ikauchanganya hadi ndani. Mwaka 1993 huko Marekani, hambaga zisizoiva vizuri za migahawa ya Jack in the Box, zilizokuwa na aina hatari ya E. koli, ziliwafanya watu zaidi ya 700 waugue, na watoto 4 wakafa. Mwaka uliofuata serikali yao ikapiga marufuku kuuza nyama mbichi ya kusaga yenye aina ile ya E. koli.

Utasema sisi tunachemsha mpaka nyama inalainika. Kweli, na hilo limetuokoa wengi. Lakini kachumbari haichemshwi, na mara nyingi inakatiwa kwenye ubao uleule. Wengine wanaisuuza nyama kwa nguvu bombani, maji yanarukia vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nakubali, hofu ya nyama ya friji haikutoka hewani. Wapo wanaozima friji usiku kuokoa umeme wa LUKU, wapo wanaoyeyusha mabaki na kuyatundika tena asubuhi. Ndiyo maana ningependa kila kipande kwenye friji kiwe na kikaratasi cha tarehe ya kuchinjwa, na ndani kuwe na kipimajoto ambacho mteja anaweza kukisoma. Maafisa afya wanaokuja kukagua leseni na makoti meupe wangeanza kudai hivyo viwili, ubishi wa "ya jana" ungepungua sana.