Kumiliki mali kunamtuliza mtu au kunambadilisha?

Mada hii ikiibuka tu watu wanagawanyika, wako wanaosema mtu asiye na chake hawezi kuwa na amani, na wako wanaosema mali ndo inaharibu watu. Ubishi wenyewe wa zamani sana. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitaka walinzi wa ule mji bora aliouwaza wasimiliki chochote, maana wakishakuwa na ardhi na nyumba zao watageuka mabwana juu ya raia wenzao. Mwanafunzi wake Aristotle akakataa, akasema kitu cha wote hakuna anayekitunza vizuri, halafu akaja na hoja ambayo mimi naikubali zaidi: mtu asiye na chochote atakuwaje mkarimu, atatoa nini?

Ila kwangu mfano unaofungua macho ni wa Argentina. Mwaka 1981 familia nyingi zisizo na ardhi zilivamia eneo huko viunga vya Buenos Aires zikidhani ni la serikali, kumbe lina wenyewe. 1984 ikapitishwa sheria ya kulitwaa kwa fidia ili wale waliojenga pale wapewe hati. Sasa baadhi ya wenye ardhi wakakubali fidia, wengine wakaenda mahakamani kesi ikavutwa miaka na miaka, kwa hiyo ukawa na majirani wa hali ileile kabisa, huyu kapata hati na yule hana, na hakuna aliyeipata kwa kuwa mchapakazi au mwadilifu kuliko mwenzake, ni bahati tu ya kiwanja alichoangukia.

Watafiti walipokuja kuwalinganisha baadaye wakakuta waliopata hati wameboresha nyumba zao na watoto wao wamesoma zaidi. Hapo upande wa kwanza utashangilia, na una haki, maana nani ataweka pesa kwenye ukuta ambao kesho anaweza kuambiwa hama? Lakini fikra zao nazo zilikuwa zimehama. Waliamini zaidi kuliko majirani zao kwamba pesa ni muhimu kwa furaha na kwamba mtu anaweza kufanikiwa peke yake bila kundi la kumsaidia. Hilo la pili linanigusa sana, kwa sababu hawa watu waliipata ardhi ile kwa kuvamia pamoja! Ila sitaki kuwaonea, utafiti huohuo ulionyesha wenye hati wanawaamini watu wengine zaidi, sasa huwezi kusema mali iliwafanya wachoyo wa roho, ilifanya yote mawili kwa mpigo.

Na kitu hakihitaji kuwa kikubwa ndo kikushike. Kuna jaribio maarufu lililochapishwa 1990, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani waligawiwa vikombe, nusu wakapata nusu wakakosa, basi waliopata wakawa wanataka bei kama mara mbili ya ile ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa, na vikombe hivyo wamevishika muda mfupi tu. Sasa fikiria nyumba, fikiria shamba.

Mimi msimamo wangu ni kwamba mali inayotuliza ni ile inayokuondolea hofu, yaani hakuna atakayekufukuza na watoto watalala mahali palepale mwakani. Ukishafika hapo, kinachoongezeka kinaanza kudai muda wako, unakilinda, unakipigia hesabu, unamtilia shaka kila anayekikaribia hata ndugu, na sijui kama hiyo bado tuiite kutosheka.

Ndo maana inaniuma nikimsikia mtu mwenye nyumba yake anamwambia mpangaji anayehamishwa kila mwaka kwamba mali haina maana, furaha iko moyoni. Maneno hayo akamwambie mwenye nyumba tano anayetafuta ya sita, huyo mpangaji bado anahitaji pa kukaa.