Kuvuka bahari kwa ajili ya panya

Baba mdogo alinipigia kutoka Kilosa: "Yaani umeenda Ulaya kutega panya?" Shikamoo yangu hakuiitikia. Nikacheka, maana ndiyo kazi yenyewe. Niko rasi ya Varanger, kaskazini kabisa mwa Norwei. Juni nzima jua halizami, saa sita za usiku nakagua mitego nimevaa kofia ya jua.

Nyumbani wakisikia Ulaya wanawaza lami na lifti. Mimi nashinda kwenye tundra: matope, majani mafupi, mti hakuna, na mbu wanaingia mpaka mdomoni. (Hawana malaria, haya, tushukuru.)

Tunayemhesabu ni lemingi, panya mnene wa rangi nyeusi na manjano, mkia kama kisiki. Panya wa kwetu akikuona anatoka nduki. Huyu anasimama, anakufokea kwa kelele kali, ukimsogelea anavamia buti. Na umbo lake halijazi kiganja!

Kila baada ya miaka michache wanafurika, kisha wanaadimika. Wakifurika, mbweha anashiba na mayai ya ndege wanaotaga chini yanapona. Wakiisha, anageukia viota. Miongoni mwa ndege hao kuna kadogo ka gramu 25 hivi, hapa wachache, wengi hutagia Siberia. Nakajua tangu utotoni: ndiko kanakodonoa tope maji yakitoka pale daraja la Salenda, Dar. Miaka yote nilidhani ni ka kwetu tu.

Ndiyo maana nagombana na nyumbani. Tunahesabu tembo kwa sababu mtalii anawalipia. Panya tunamkumbuka akishafika ghalani. Wala si kwamba hatuna ujuzi. Kutega nilijifunzia Morogoro, Sokoine, kulekule panyabuku wanakofundishwa kunusa mabomu ya ardhini. Chambo ni siagi ya karanga na unga wa mahindi. Hapa walipoanza kunionyesha mtego unavyofunguliwa, nikatulia nikasikiliza, mgeni ni mgeni. Tofauti naiona kwingine. Nyumbani nilijitolea ofisi moja miaka miwili, nauli yangu, buti zangu, cheti sikupewa. Huku kibarua wa kiangazi ananunuliwa buti kabla hajashika mtego, na akizidisha saa analipwa.

Nimemtumia baba mdogo picha ya lemingi kasimama wima, mdomo wazi. Kajibu: "Huyu mjumbe wetu wa nyumba kumi kabisa."