Superman hana pa kuumia

Mwaka 1999 kampuni ya Titus ya Ufaransa ilitoa gemu ya Superman kwa ajili ya Nintendo 64. Unawasha mashine, shujaa anapaa, na kazi unayopewa ni kumpitisha ndani ya pete kubwa zilizoning'inia angani, moja baada ya nyingine, huku saa ikikimbia. Ukizikosa, unaanza upya. Jiji la Metropolis lenyewe hulioni vizuri kwa sababu limefunikwa na ukungu mzito. Hadithi ya gemu inadai ni ukungu wa kryptonite, lile jiwe linalomwishia Superman nguvu, lakini macho yanakuambia ni mashine iliyoshindwa kuchora majengo ya mbali. Mtu ambaye kwenye katuni anasukuma sayari, hapa amepewa mtihani wa udereva.

Tangu hapo, kila ubishi ukizuka kuhusu kuhamisha mashujaa wa vitabu vya katuni kwenye gemu, kuna mtu lazima atazitaja zile pete. Na kuna mwingine lazima amjibu kwa Batman wa studio ya Rocksteady au Spider-Man wa studio ya Insomniac. Wote wawili wana ushahidi mkononi, ndiyo maana ubishi hauishi. Mimi niko na wanaotetea, ila nina sharti: anayetengeneza gemu aanze na kile kinachombana shujaa. Akianza na orodha ya nguvu zake, mara nyingi tunaishia kwenye pete.

Nianze na hoja ya watetezi, maana ndiyo niliyoionja mwenyewe. Katuni ni picha zilizoganda. Kwenye kisanduku kimoja Spider-Man ananing'inia juu ya barabara, kwenye kinachofuata ameshafika juu ya paa. Safari ya kutoka huku hadi kule msomaji anaijaza kichwani. Gemu inaweza kukupa safari hiyo hiyo, na mwaka 2004 studio ya Treyarch waliifanya kazi hiyo vizuri kuliko yeyote kabla yao, katika gemu ya Spider-Man 2 iliyotoka pamoja na filamu ya jina hilo. Kwa kawaida gemu za filamu hutengenezwa mbiombio ili ziwahi tarehe ya sinema, na nyingi huonekana hivyo. Hata Spider-Man wa mwaka 2000 kwenye PlayStation, aliyependwa sana, alikuwa akirusha nyuzi juu zikashika hewa tupu. Katika gemu ya 2004, uzi ulipaswa kushika jengo la kweli. Unabonyeza, uzi unanasa kona ya ghorofa, mwili unashuka hadi karibu ugonge magari, kasi inaongezeka pale chini kabisa, kisha unaanza kupanda. Ukiachia uzi wakati huo unarushwa juu kama jiwe la kombeo. Ukichelewa, bembea inakurudisha nyuma na kasi yote imekwenda. Pasipo na jengo hakuna uzi, unatembea kwa miguu kama watu wengine.

Kazi zilizobaki za gemu hiyo zilikuwa hafifu kabisa. Kuna mtoto anayepoteza puto, unamfukuzia, unamrudishia, na baada ya dakika chache mtoto mwingine kapoteza lingine. Kuna kupeleka piza. Hakuna aliyejali. Nakiri nimemaliza jioni nyingi nikibembea bila kumwokoa mtu yeyote, na sikuona nimepoteza muda.

Batman ni mfano wa aina nyingine. Arkham Asylum ya 2009 ilitengenezwa na Rocksteady ya London, studio iliyokuwa na gemu moja tu nyuma yake. Walichokishika ni kwamba Batman ni binadamu, na risasi zinamuua upesi. Basi unaingizwa kwenye ukumbi wenye majambazi sita au saba, wote wana bunduki. Kuingia kwa mlango wa mbele ni kujiua. Unakaa juu ya sanamu ya jiwe iliyochomoza ukutani, unasubiri mmoja apite chini, unamnyakua na kumwacha akining'inia kichwa chini. Wenzake wanamkuta. Wanaanza kupiga kelele, kugeuka nyuma bila sababu, kufyatua risasi kwenye vivuli. Ukiwatazama kwa miwani ya upelelezi unaona mapigo ya moyo wao yakipanda. Katuni imekuwa ikisema tangu 1939 kwamba silaha ya Batman ni woga wa wahalifu. Hapa woga huo umewekewa kipimo, na wewe ndiye unayeupandisha.

Sasa wapinzani. Hoja yao nzito inatoka pale pale: Batman na Spider-Man wanaumia. Gemu inaishi kwa uwezekano wa kushindwa, na Superman, kwa jinsi alivyobuniwa, hana pa kuumia. Watengenezaji wamehangaika na jambo hili tangu mwanzo. Gemu ya Superman ya Atari 2600, mwaka 1979, moja ya gemu za kwanza kabisa za shujaa wa katuni, ilimrushia vipande vya kryptonite. Kikimgusa, anapoteza uwezo wa kuruka, mpaka amtafute Lois Lane, mpenzi wake, ambusu. Unaweza kucheka, lakini ni suluhisho safi: nguvu zipo, zinaondoka, na kuzirudisha kunamlazimu amwendee mtu. Miaka 34 baadaye, gemu ya mapigano ya Injustice ilipotaka Harley Quinn, mhalifu asiye na nguvu za ajabu, azichape na Superman, walitumia vidonge vinavyoimarisha mwili wa binadamu wa kawaida. Vidonge! Kiraka tu, na kila mtu anakiona ni kiraka.

Jaribio lililonivutia zaidi ni lile ambalo watu wengi wamelisahau. Superman Returns ya 2006 haikumpa Superman mstari wa uhai, ule unaopungua kwenye skrini kila mhusika anapopigwa. Iliupa mji wa Metropolis. Yeye mpige uwezavyo, haumii. Kinachopungua ni jiji, kila moto unaoachwa uwake na kila jengo linalopigwa. Hapo ndipo Superman mwenyewe alipo. Mzigo wake ni kwamba hawezi kuwa kila mahali kwa wakati mmoja, na akitumia mkono vibaya, anayemlinda ndiye atakayeumia. Gemu yenyewe ilikuwa ya kuchosha, jiji tupu, maadui wale wale, ikapuuzwa. Sidhani wazo lilistahili kuzikwa nayo.

Wapo watakaoniuliza: na Hulk je? Yeye pia haumii kirahisi, wala hajizuii. Ni kweli, na Radical Entertainment mwaka 2005 walitoa gemu ya Hulk, Ultimate Destruction, inayoivuruga nadharia yangu kidogo. Unashika gari, unalipasua vipande viwili, unavivaa mikononi kama glavu za ndondi, unaendelea na safari. Hakuna kizuizi chochote hapo, raha tupu. Jibu langu ni kwamba Hulk habanwi na udhaifu wa mwili. Kinachombana ni hasira, na ukiwa na pedi mkononi wewe ndiye hasira yenyewe. Lakini nakubali jibu hilo limenyooshwa kidogo ili litoshe.

Kuna hoja ya pili ya wapinzani, nayo ni ya wenye mali. Shujaa wa katuni ana mmiliki, na mmiliki ana masharti. Eric Caen, mmoja wa waanzilishi wa Titus, alisimulia baadaye kwamba wenye Superman hawakutaka aonekane akipiga watu halisi, na ndiyo sababu gemu ile iliwekwa ndani ya dunia ya kompyuta. Ni utetezi wa mtu aliyeshindwa, tuupokee kwa tahadhari. Hata hivyo, masharti ya namna hiyo yapo, na wakati mwingine yanaitia gemu aibu. Batman haui. Sasa Arkham Knight ya 2015 ilimpa gari la kivita lenye mizinga, na mchezaji analiendesha kwa kasi kwenye barabara zenye wahuni. Ukimgonga mtu, gari linampiga shoti ya umeme na kumrusha pembeni, kisha gemu inakuomba uamini kwamba anapumua. Insomniac walikuwa na tatizo hilo hilo mwaka 2018: Spider-Man anapigana juu ya maghorofa, na adui akirushwa ukingoni ataanguka ghorofa thelathini. Walichofanya ni kwamba adui anayedondoka ananaswa na utando ubavuni mwa jengo. Ukichungulia unamkuta amebandikwa pale, mzima. Sharti lile lile kwa wote wawili; mmoja alilikwepa, mwingine akaligeuza kuwa kitu cha kuchekesha ambacho Peter Parker, yaani Spider-Man bila vazi, angekifanya kweli.

Fedha ndiyo iliyoharibu zaidi. Gemu kubwa siku hizi hutakiwa isiishe: iongezewe vipande kila msimu, mchezaji akusanye vifaa vyenye namba, namba zipande, arudi kesho. Marvel's Avengers ya 2020 ilifuata njia hiyo. Hulk na Black Widow, jitu na jasusi, walisimama mbele ya roboti zile zile na kuzigonga mpaka namba ziishe. Ukishamfanya Thor, mungu wa radi, ahangaike kutafuta kifaa chenye tarakimu kubwa kuliko cha jana, umemvua kila kitu ila kofia. Septemba 2023 iliondolewa sokoni. Kisha Rocksteady, wale wale wa woga na sanamu za mawe, wakatoa Suicide Squad mwezi Februari 2024. Wahusika wanne, akiwemo papa mwenye miguu na mtu ambaye jina lake lote ni bumerangi, na wote kazi yao kubwa ni kufyatua bunduki. Papa ana bunduki! Warner Bros. ilitangaza hasara ya dola milioni 200 kutokana na gemu hiyo.

Ningependa kuishia hapo na kulaani mtindo mzima, lakini Marvel Rivals inanizuia. Ilitoka Desemba 2024, ni ya bure, ni ya misimu, inauza mavazi, na ndani ya siku tatu za kwanza ilipata wachezaji milioni 10. Tofauti unaihisi vidoleni. Groot anaotesha kuta, Doctor Strange anafungua milango hewani, Spider-Man anabembea na ni mgumu kumwendesha kama inavyopaswa. Biashara ni ile ile, lakini kila mmoja alibaki na kitendo chake.

Wapo pia wanaosema fedha hizi zote zingebuni mashujaa wapya. Nusu nawaunga mkono. Radical waliomtengeneza Hulk walikwenda kutoa Prototype mwaka 2009, shujaa wao wenyewe, na mwaka huo huo Sucker Punch wakatoa Infamous. City of Heroes iliwaacha watu wabuni mashujaa wao kuanzia 2004 hadi ilipofungwa 2012. Ila tazama vizuri Prototype utaona mikono iliyojifunza kwa Hulk. Shujaa wa kuazima alikuwa shule yao.

Kinachonisumbua mimi ni kimya. Ukurasa wa katuni unaweza kumwonyesha Peter Parker amekaa kitandani, soksi moja mguuni, anaogopa kupiga simu. Gemu ya vita haijui la kufanya na mtu aliyekaa. Insomniac walijaribu: unaacha vazi, unakuwa Peter maabara, au unakuwa Mary Jane, mwandani wake, akinyatia kwenye magenge bila nguvu yoyote. Wachezaji wengi walizichukia sehemu hizo, na kweli zilikata mbio. Nisingezifuta. Bila hizo, lile tukio la mwisho lingekuwa picha tu. (Asiyeimaliza gemu ya 2018 aruke mistari ifuatayo.) Shangazi May anakufa kwa ugonjwa, Peter ana dawa mkononi, na kumpa ni kuwanyima wengine wote jijini. Gemu zingine zingekuwekea chaguo mbili kwenye skrini. Hii inakunyima vitufe. Baada ya saa ishirini za vidole kufanya kila kitu, vimeshika pedi bure.

Mwaka 2021 studio hiyo hiyo ilitangaza gemu ya Wolverine, mtu ambaye jeraha linajifunga lenyewe. Mwaka 2009 studio ya Raven walishawahi kumtengeneza: ukipigwa, nyama inachanika hadi mifupa ya chuma inaonekana, ukijificha dakika moja inarudi mbele ya macho yako. Ilikuwa kazi ya kupendeza kuitazama, na bado ilibidi wamwekee mstari wa uhai, maana bila huo hakuna kushindwa. Nitakapoishika ya Insomniac, hicho ndicho nitakachokitazama kwanza: ule mstari wameuweka wapi.