Acheni kupaka gundi juu ya gundi

Nina hasira, na hasira zenyewe ni za dirisha la paa. Jamaa yangu mmoja hapa Uingereza, mtu wa Tanga, alinunua motahomu, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani, ya mkono wa pili ili wakati wa likizo awapeleke watoto pwani ya Wales. Dirisha la juu ya meza lilikuwa limeshachoka: plastiki imepauka, kona zina vinyufa vyembamba, na mvua ikinyesha usiku maji yanadondoka. Akalipeleka gari gereji. Fundi akapanda ngazi, akazungusha silikoni nyeupe pembezoni mwa fremu, juu ya ile ya zamani, akashuka, bili ikaandikwa. Majira ya baridi yalipokwisha nilikwenda kumtembelea. Nikabonyeza dari kando ya dirisha lile, kidole gumba kikazama kama nimebonyeza mkate uliolowa chai.

Mtoto wake mdogo ana pumu, na hulala chini ya dari hiyo.

Sasa ndugu zangu mnaomiliki magari haya, naomba mnisikilize, maana haya mambo tunaambiwa ni ya kitaalamu wakati si ya kitaalamu. Dirisha la kawaida la paa limekaa kwenye tundu la milimita 400 kwa 400. Fremu ya nje inalala juu ya paa, fremu ya ndani iko kwenye dari, na skrubu zinazibana zote mbili paa likiwa katikati. Kinachozuia maji ni utepe wa masitiki, yaani lahamu laini ya kuziba, ulio chini ya ile fremu ya nje, kati yake na paa. Chini! Huko ndiko maji yanakopita masitiki ikishakauka na kupasuka, baada ya miaka ya jua na baridi kutanua na kubana plastiki. Ukipaka kitu pembezoni kwa juu, hujagusa ugonjwa. Umeyafungia ndani maji yaliyokwisha kuingia, na yataendelea kutambaa kwenye plaiwudi na fito za mbao mpaka yajitokeze mahali pengine kabisa, pengine juu ya kabati, mita nzima kutoka kwenye dirisha. Wahenga walituonya kuhusu ufa na ukuta. Huyu fundi yeye ameupaka ufa rangi.

Tena ametumia silikoni. Silikoni ikishakaa mahali huacha utando usioonekana kwa jicho, na hakuna masitiki itakayoshika vizuri juu yake mpaka uutoe wote. Kwa hiyo ameharibu hata kazi ya atakayekuja baada yake.

Kazi sahihi ni kulitoa dirisha zima. Na hapa ndipo ninaposimama na wenye magari dhidi ya gereji: fanyeni wenyewe. Sisemi hivyo kwa ajili ya pesa tu, ingawa pesa zipo. Nasema kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii ni kukwangua, na kukwangua kunataka subira ambayo mtu anayelipwa kwa saa, huku gari lingine likimsubiri uani, hana. Unafungua skrubu za ndani, unashusha fremu ya dari pamoja na chandarua na pazia lake, unaisukuma ya nje taratibu kutoka chini. Ikitoka, unaona ukweli wote: masitiki kuukuu imeganda kwenye paa, nyeusi, imechanganyika na ukungu na vipande vya majani. Hiyo yote itoke. Tumia kikwangulio cha plastiki, kwa sababu cha chuma kitachubua faiba ya paa. Mabaki madogo yang'oe kwa kubandika donge la masitiki yenyewe na kulibandua, tena na tena. Masitiki huvuta masitiki. Mwisho pangusa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Sehemu kubwa ya kazi hii unaweza kuifanya umesimama ndani ya gari juu ya kigoda imara, kichwa na mabega vimetokeza kwenye tundu, bila kukanyaga paa kabisa. Wanaoogopa kupanda juu wana haki ya kuogopa, lakini hawalazimiki kupanda.

Kabla ya kufunga jipya, liguseni lile tundu. Shikeni mbao za kingo zote nne. Zikiwa kavu na ngumu, endeleeni. Zikiwa na unyevu, ziacheni zikauke kabisa, hata ikibidi kufunika tundu kwa turubai na kungoja.

Halafu masitiki. Itakiwayo ni ya butili, aina ya mpira laini, ile isiyoganda, inayobaki laini kwa miaka. Kila nikisoma ushauri wa watu naona wanaambiana watumie Sikaflex. Sikaflex nyingi ni gundi kweli kweli, nzuri kwa kubandika vishikizo vya paneli ya sola, lakini dirisha hili siku moja litatakiwa kutoka tena, na ukiligandisha hivyo atakayelitoa atalitoa na ngozi ya paa. Dirisha linashikwa na skrubu. Masitiki kazi yake ni kuzuia maji tu. Kazeni skrubu kidogo kidogo kwa mshazari, hadi masitiki ichungulie pande zote, basi. Ukikaza kwa nguvu fremu inapasuka. Siku chache baadaye rudini mkaze tena, maana masitiki hukaa sawa taratibu.

Jambo moja la haraka lakini la uhai: madirisha mengi ya paa yana matundu ya hewa yasiyofungika, kwa ajili ya majiko na hita za gesi. Msiyazibe kwa utepe kwa sababu ya baridi. Monoksaidi ya kaboni, gesi ya sumu inayoweza kutoka kwenye moto huo, haina harufu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila gari ni la kufanyia kazi nyumbani. Yale madirisha makubwa ya sebuleni yanataka watu wawili. Kutoboa tundu jipya ambapo hujui nyaya zimepita wapi ni jambo lingine kabisa. Na kama gari bado lina dhamana ya kiwanda dhidi ya maji kuingia, someni masharti kwanza, kwani mengi yanadai ukaguzi wa kila mwaka kwa wakala aliyeidhinishwa. Mbao zikiwa zimeoza, hapo pia mtafuteni fundi, na si yeyote.

Mkimpata, kabla hamjampa funguo mwulizeni swali moja: fremu utaitoa, au utapaka juu? Akisema atapaka juu, ondokeni na gari lenu. Akisema ataitoa, mwombeni awapigie picha ya tundu likiwa limekwanguliwa na kupanguswa, kabla hajaweka masitiki mpya. Jamaa yangu sasa anabomoa dari upande mmoja mzima, na wikiendi hii nakwenda kumsaidia kukata plaiwudi.